Mjomba, ile orodha ya tarehe 7 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Kila alfajiri, kabla muadhini hajamaliza, orodha yako ya "Siku kama ya leo" inakuwa imeshatua kwenye kundi la ukoo. Wengi wanairuka wakitafuta habari za michango ya harusi. Mimi naisoma mpaka chini, na leo nakuandikia hadharani ili na hao wanaoiruka waone. Nina neno na ile ya tarehe 7 Agosti.

Uliweka vita vya Boyacá, 1819, Simón Bolívar alipowapiga Wahispania. Sawa kabisa, Kolombia ni sikukuu mpaka leo, na marais wao huapishwa siku hiyohiyo. Uliweka Guadalcanal, 1942, ile vita ya kisiwani Pasifiki kati ya Wamarekani na Wajapani. Ukaweka uhuru wa Ivory Coast, 1960, mstari mmoja mkavu. Hapo ungetupa nyama kidogo, mjomba. Agosti ile Ufaransa iliachia nchi moja baada ya nyingine: Dahomey (Benin ya leo) tarehe 1, Niger tarehe 3, Upper Volta (Burkina Faso ya leo) tarehe 5, Ivory Coast tarehe 7, Chad tarehe 11, kisha Afrika ya Kati, Kongo-Brazzaville na Gabon. Ilipofika tarehe 17, bendera nane mpya zilikuwa zimepandishwa. Sisi Tanganyika tulikuwa bado tunaisubiri Desemba ya mwaka uliofuata.

Lakini kilichonikera ni mstari wa mwisho: "1998, Ubalozi wa Marekani Nairobi walipuliwa (na Dar es Salaam)."

Mabano, mjomba? Wewe, mtu wa Temeke?

Najua orodha hizi unazichukua mtandaoni, na huko zinaandikwa kwa kuhesabu maiti. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200 na maelfu wakajeruhiwa. Hakuna anayetaka kushindana nao kwa msiba. Hapa kwetu walikufa 11. Ila ilikuwa asubuhi ileile ya Ijumaa, kwa dakika chache tu za tofauti. Lori lililobeba bomu lilifika kwenye lango la ubalozi, barabara ya Laibon pale Oysterbay, likakuta boza la maji limetangulia. Boza ndilo lililolizuia lisisogee karibu na jengo. Waliokufa hakuwamo Mmarekani hata mmoja. Walikuwa watu waliokwenda kazini, wakiwemo walinzi wa getini. Na bomu lenyewe lilitengenezwa katika nyumba ya kupanga huku Ilala, mitaa hii ninayopita kwenda sokoni. Hayo yote umeyafungia ndani ya mabano.

Halafu kuna tarehe umeiacha, na kwangu ndiyo ingekuwa ya kwanza. Iraki iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990. Siku tano baadaye, tarehe 7, Marekani ikaanza kupeleka wanajeshi wake Saudi Arabia. Kuwepo kwa wanajeshi hao katika nchi ya Makka na Madina ndilo jambo ambalo Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, kundi lililolipua balozi hizo, alilipigia kelele miaka yote iliyofuata. Ilipotimia miaka minane kamili, Nairobi na Dar zikalipuliwa. Wachambuzi wengi wameuona mfuatano huo, nami naona vigumu kuuita sadfa tu.

Unaona tofauti, mjomba? Bolívar na Ivory Coast wamekutana kwenye orodha yako kwa sababu ya kalenda tu, hawajuani. Ya 1990 na ya 1998 yanajuana. Kisa cha jangwani huko kikaja kumdai roho mlinzi wa Oysterbay ambaye wala hakuwa na ugomvi na mtu. Wiki mbili hazijaisha, tarehe 20, makombora ya Marekani ya kulipiza kisasi yakapiga Afghanistan, na huko Khartoum, Sudan, yakabomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa. Hiyo nayo ina tarehe yake, na usije ukaisahau zamu yake ikifika.

Naelewa pia kwamba kwetu siku hii inamezwa na Nane Nane. Watu wako mbioni kwenda kwenye maonyesho, nani akumbuke ya jana yake? Basi uwakumbushe wewe, maana simu yako ndiyo inayotuamsha.

Mwakani Dar es Salaam ipate mstari wake yenyewe, na boza liwemo. Kumbukumbu ya waliokufa ipo Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Ukitaka twende, nauli juu yangu. Nafasi ikikosekana, punguza Guadalcanal, sisi hatutalalamika. Ila yule Mfaransa, Philippe Petit, aliyetembea juu ya waya kati ya maghorofa mawili ya New York mwaka 1974, usimguse. Watoto wa dada wanamuulizia kila mara, na mmoja ameshaanza mazoezi juu ya ukuta wa jirani.