Kucha nyeupe si uchafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa zamu wanaokagua kucha Jumatatu asubuhi. Mjukuu wangu wa darasa la 3 alichapwa viboko viwili mstarini kwa "kufuga uchafu". Kucha zile nilizikata mwenyewe Jumapili, baada ya kumwogesha. Kilichobaki cheupe, kinene, kinachomeguka kama chokaa, kilikuwa fangasi.

Na mimi nina kosa langu. Nilikuwa nimezikwangua kwa wembe na kupaka krimu ya duka la dawa karibu miezi miwili. Hospitali wakaniambia krimu haipenyi kucha nene, na wembe unachubua ngozi, vijidudu vingine vikaingia. Walichukua unga wa kucha wakaupima kwa hadubini, kwani kucha huharibika pia kwa kuumia au kwa magonjwa mengine ya ngozi. Akaandikiwa vidonge vya terbinafini wiki 6, maana ni za mikono. Zingekuwa za miguu, zingefika 12. Kabla ya kuandika waliuliza dawa zote anazomeza, kwa sababu baadhi ya vidonge vya fangasi havipatani na ARV wala na rifampisini ya kifua kikuu.

Mtoto mwenye kinga imara ni nadra kupata fangasi wa kucha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa huu kwenye dalili za hatua ya 2, kati ya hatua 4, za VVU kwa watoto. Ila huwapata pia wanaotibiwa saratani, au wanaomeza steroidi, dawa zinazoshusha kinga, muda mrefu kwa ajili ya figo. Wangu ana kinga dhaifu. Sababu yake naiweka kifuani, na mwalimu hahitaji kuibashiri mbele ya wanafunzi mia tatu. Akiona kucha imeanza weupe kule shinani, karibu na nyama, amwite mzazi pembeni amwambie ampeleke mtoto hospitali. Basi. Wenzake darasani wamekwisha kumpa jina ambalo sitaliandika hapa.

Vidonge alimaliza mwezi uliopita. Lakini kucha ya mkono huchukua kama miezi 6 kuota yote upya, ya mguu mwaka na zaidi. Jumatatu ijayo zake bado zitakuwa nyeupe.

Bibi mlezi,
Morogoro