Kwa Rehema, kuhusu njia ya majumba ya makabaila

Valga, Estonia

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, ila baridi imeanza kupiga hodi. Barua yako niliipata, nikaisoma na kuirudia, maana lile swali lako la mwisho si la kujibiwa juu juu. Umeuliza inakuwaje tunahangaika kuyaunganisha majumba ya makabaila ya nchi mbili, Estonia na Latvia, kwa njia moja ya watalii, wakati yalijengwa kwa jasho la watu waliokuwa wakiuzwa na kununuliwa. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze mahali penyewe palivyo.

Hapa nilipo palikuwa ndani ya jimbo lililoitwa Livonia. Kusini mwa Estonia na kaskazini mwa Latvia kulitawaliwa pamoja chini ya dola ya Urusi, na wenye ardhi walikuwa makabaila wa Kijerumani ambao mababu zao walifika na vita vya msalaba. Waliolima ni Waestonia na Walatvia. Walikuwa watwana, yaani watu waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, hadi mwaka 1819, na hata walipoachiwa huru ardhi ilibaki kuwa ya bwana, kwa hiyo wakaendelea kumlimia ili wapate pa kuishi. Mpaka ulikuja baadaye sana. Mwaka 1920 zile jamhuri mbili changa zilishindwa kukubaliana mji huu ni wa nani, akaletwa mpatanishi, kanali Mwingereza aitwaye Stephen Tallents, akaukata vipande viwili: Valga ikawa ya Estonia na Valka ya Latvia. Tangu Desemba 2007, nchi zote mbili zilipoingia eneo la Schengen, vizuizi viliondolewa na mtu anavuka na kikapu chake bila kuulizwa kitu.

Majumba mengi tunayoyashughulikia yalikuwapo kabla ya mpaka huo. Jumba la Taagepera, kwa mfano, liko upande wa Estonia na lilimalizika mwaka 1912, lakini mchoro wake ni wa Otto Wildau, msanifu wa Riga, upande wa Latvia. Koo za wenyewe zilioana huku na huku, na mafundi walifuata kazi ilipo. Leo mgeni akifika Taagepera anasimuliwa habari za Estonia, akivuka kwenda Latvia anaanzishiwa hadithi nyingine kabisa, kana kwamba watu wale hawakujuana. Ndiyo maana naamini njia hii ina haki ya kuwapo. Inarudisha pamoja historia iliyokatwa katikati.

Ngoja nikupeleke Ungurmuiža, karibu na mji wa Cēsis huko Latvia, maana najua ungepapenda. Ni nyumba ya mbao, rangi nyekundu, iliyojengwa miaka ya 1730 na Balthasar von Campenhausen, na ukoo wake ukakaa humo hadi 1939. Nyumba za mbao za enzi ile zilizosalia Latvia ni haba mno. Ukipanda ghorofani, pembeni mwa milango wamechorwa askari wenye kofia ndefu na bunduki, wamesimama zamu, kazi ya mchoraji Georg Dietrich Hinsch. Ukuta ni mbao tupu iliyopakwa rangi, na ukisogea karibu unaziona nyufa za ubao zikipita juu ya koti la askari. Nilisimama pale muda mrefu. Nilimfikiria kijana wa jikoni anayepita na sinia mbele ya askari hao, kila siku, akijua wamewekwa kumlinda bwana.

Na hapo ndipo jibu langu lilipo, Rehema. Jumba peke yake halina la kumwambia mtu zaidi ya utajiri wa mwenyewe. Yanayosema ni majengo yaliyolizunguka: ghala la nafaka, zizi la farasi, pishi la barafu iliyokatwa ziwani wakati wa baridi, nyumba za vibarua, na kiwanda cha pombe kali. Pombe hiyo ndiyo iliyojaza mifuko ya mabwana wengi. Nafaka ilikuwa nzito kusafirisha na bei yake ndogo, lakini ikigeuzwa pombe ilibebeka, na soko la Saint Petersburg halikuwa mbali. Zile nguzo nyeupe unazoziona kwenye picha zimelipiwa na mapipa. Nimeshikilia tangu mwanzo kwamba kila kituo cha njia hii kionyeshe angalau jengo moja la kazi, na maelezo yake yaandikwe kwa uzito uleule wa maelezo ya sebule. Baadhi ya wenzangu wanaona maghala mabovu yanaharibu mandhari. Sikubaliani nao, na nitaendelea kusema.

Usidhani watu wa huku wamesahau. Mwaka 1905 wakulima walichoma majumba kwa mamia, Estonia na Latvia, na jeshi la mfalme wa Urusi likalipiza kisasi kwa kuua. Mwaka 1919 Estonia ilitaifisha ardhi za makabaila na kuwagawia wananchi, Latvia ikafuata mwaka uliofuata. Familia nyingi za vijijini zilipata shamba lao la kwanza hapo. Wazee bado wanakuonyesha kwa kidole kipande walichopewa babu zao. Kwa hiyo tukija na ramani yenye majumba tu, tutakuwa tumewafuta wao, na wao ndio tunaotaka wawapokee wageni.

Lakini hata kabaila mmoja mmoja alikuwa na sura zake. Sangaste, mwendo mfupi kutoka hapa, ni kasri la matofali mekundu lililojengwa na Friedrich Berg. Bwana huyu aliipenda rai, ile nafaka ya mkate mweusi, hata wakambandika jina la Kabaila wa Rai. Mbegu aliyoizalisha bado inapandwa na inaitwa kwa jina la Sangaste. Kasri lilipotaifishwa aliruhusiwa kuendelea kukaa humo, akafa mwaka 1938 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Hapo njia yetu inaweza kupita shambani, mgeni akaiona rai yenyewe na kula mkate wake. Hicho ndicho kituo ninachokipenda kuliko vyote.

Sasa ugumu. Baada ya kutaifishwa majumba yalihitaji matumizi, na mengi yakafanywa shule, mengine hospitali au ofisi za mashamba ya ushirika wakati wa Wasovieti. Taagepera ilikuwa hospitali ya kifua kikuu, leo ni hoteli. Cesvaine, kasri zuri ajabu la upande wa Latvia, lilikuwa shule hadi moto ulipoliunguza paa mwaka 2002. Estonia hadi leo kuna watoto wanaosoma hisabati chini ya dari zenye nakshi. Mimi nasema hizo ndizo nyumba zilizopona vizuri, maana zina watu ndani, moto unawashwa, paa likivuja mtu anaona siku hiyohiyo. Ila huwezi kumpitisha mgeni darasani watoto wakiwa kwenye mtihani. Kwa hiyo ratiba ya njia lazima ifuate mihula ya shule, na kiangazi ndiyo nafasi yetu kubwa. Wakati mwingine wote tunategemea mtu mmoja mwenye funguo, na akiwa kwa daktari, mlango umefungwa. Hakuna programu ya simu itakayoziba pengo hilo. Tunapaswa kumlipa mwenye funguo na kumpata wa pili.

Kuna pia suala la cheti cha kuitambua njia yetu rasmi. Baraza la Ulaya lina mpango wa njia za utamaduni tangu 1987, ulioanza na ile njia ya mahujaji wa Santiago de Compostela, Hispania, na taasisi yake ya kuzisimamia iko Luxembourg. Sharti mojawapo ni kwamba mada ya njia iguse nchi zisizopungua tatu, pamoja na mtandao wenye usajili wa kisheria, utafiti wa kitaalamu na nafasi kwa vijana. Sisi tuna nchi mbili tu. Kuna wanaotaka tuikaribishe Lithuania haraka ili tutimize idadi. Majumba Lithuania yapo, tena mengi, lakini makabaila wake wengi walifuata utamaduni wa Kipoland na Ukatoliki, na utwana uliendelea huko hadi 1861. Hiyo ni historia nyingine, inayostahili kuandikwa kwa utulivu na Walithuania wenyewe. Maoni yangu ni tuzijue kwanza hizi nyumba chache za pande mbili za mpaka, ziwe na mabasi yanayofika, maelezo kwa Kiestonia na Kilatvia kila kituo, na waongozaji wanaofahamiana kwa majina. Cheti kitafuata kama kazi ipo.

Hilo la waongozaji ndilo linalonifanya nikuombe msaada. Wewe umetembeza wageni miaka mingi mahali penye uzuri na uchungu kwa pamoja, na unajua mgeni aliyelipa kuona nakshi hataki kuanza na habari za mijeledi. Tunaandaa mafunzo ya waongozaji wa pande zote mbili, na nataka waifikishe habari hiyo bila kuificha na bila kumfukuza mtu. Je, unaanzia wapi? Unawapeleka kwanza nyumba ya bwana au nyumba ya mtumishi? Na mgeni akisema babu yake alikuwa mmoja wa mabwana, unamjibuje mbele ya wenzake? Niandikie kwa kirefu, kama unavyowafundisha vijana wako, hata ukirekodi sauti ukanitumia nitaandika mwenyewe. Mafunzo yanaanza kabla ya theluji kuyeyuka, kwa hiyo usikawie.

Nisalimie mama, na umwambie dawa ya kifua aliyonifungia bado ninayo.

Wako,
Salma