Barua kutoka Leicester, kura zimeshahesabiwa

Leicester, 6 Mei 2023

Shoga yangu mpenzi,

Za Tanga? Mama hajambo? Mfikishie shikamoo yangu. Leo huku kila TV ni kutawazwa kwa Mfalme Charles tu, mimi nimeizima nikuandikie habari iliyonikaa moyoni tangu jana, uchaguzi wa madiwani na meya wa jiji letu.

Nimepiga kura shoga! Kwa pasi yangu hii hii ya Tanzania. Sheria yao inasema ukitoka nchi ya Jumuiya ya Madola na unaishi huku kihalali unajiandikisha na unapiga kura, sio lazima uwe raia. Mwaka huu ndo wameanza kudai kitambulisho chenye picha, basi watu wengi waliingiwa na hofu, mimi nikatoa pasi yangu, dada wa kituoni akaitazama akautazama tena uso wangu, akanipa karatasi. Wino wa kidoleni hakuna, unapewa penseli unatia alama ya X, unatumbukiza kwenye sanduku unaenda zako kazini. Dakika tano hazifiki.

Sasa matokeo. Halmashauri ina viti 54, mwaka 2019 chama cha Labour walichukua 53, yaani upinzani ulikuwa mtu mmoja tu wa chama cha Liberal Democrats. Safari hii Labour wamebaki na 31, Conservative ambao 2019 hawakuambulia hata kimoja wamepata 17, Green 3 na Liberal Democrats 3. Meya ni yule yule mzee Peter Soulsby ambaye yupo tangu 2011, ila kura zake zimepungua sana. Na cha kushangaza siku hiyo hiyo Conservative wamepoteza zaidi ya viti elfu moja Uingereza nzima, Leicester ndo wakavuna!

Kwa nini? Kubwa ni kukatwa majina, unakumbuka ya kwetu zile kura za maoni mtu anashangaa jina halijarudi? Labour waliwakata madiwani wao 19 kwa mpigo, wakiwemo wenye asili ya India ambao watu wa mitaa yao wanawajua miaka na miaka, wamewazikia wamewaozeshea, leo unawaambia huyu hafai bila kuwaeleza wakaelewa. Halafu bado kuna kidonda cha zile vurugu za Septemba mwaka jana kati ya vijana wa Kihindu na wa Kiislamu, hakijapona. Mimi naona walijisahau, ukishakuwa na 53 kati ya 54 unamsikiliza nani tena?

Jirani yangu bibi Mgujarati, yule niliyekwambia anaongea Kiswahili cha Jinja, alifika hapa 1972 ana miaka 19 Idi Amin alipowapa siku 90 waondoke. Halmashauri hii hii ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku, jiji limejaa. Wakaja hivyo hivyo. Leo ukitaka kulitawala jiji hili lazima upite kwao uwaombe kura, juzi kanambia "mwanangu sisi kura hatuiachi hata mvua inyeshe" na kweli nimemkuta kwenye foleni na mkongojo wake.

Ndo maana roho inaniuma kwa watu wetu. Watanzania, Wakenya, Waganda wenye haki kabisa ya kupiga wapo wengi tu hapa na hawajajiandikisha, ukiwauliza wanakwambia siasa za wazungu hazituhusu. Hazituhusu vipi? Nyumba za halmashauri, shule za watoto, wazee wetu kutunzwa, takataka, vyote vinapita mikononi mwa hao madiwani na kodi ya halmashauri tunalipa kila mwezi. Nimewasema msikitini, nimewasema kwenye arusi, nitaendelea kuwasema.

Halafu kuna rafiki yangu wa Bukavu, analipa kodi ile ile lakini Kongo haimo kwenye Madola kwa hiyo hana kura mpaka apate uraia, wakati Mnyarwanda wa ghorofa ya juu yake anayo kwa kuwa Rwanda waliingia 2009. Alikuja na mimi hadi mlangoni pa kituo akanisubiri nje na mtoto. Ukuta wa chumba anacholala huyo mtoto umeota ukungu na mwenye nyumba hapokei simu. Nimemwambia kura huna lakini diwani ni wako pia, anaruhusiwa kumwendea, basi diwani akipanga siku ya kusikiliza watu tunaenda wote, picha za ukuta ziko kwenye simu yangu.

Nipigie Jumapili jioni, mwanangu anataka kuongea na shangazi yake.

Wako akupendaye,
Mwanatanga mwenzio