Mlingoti wa windisafu haununuliwi kwa kaboni peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na vijana wanaoendesha windisafu, ule ubao wenye tanga unaosukumwa na upepo, huku mwambao wa mashariki wa Unguja, pamoja na wale wanaowauzia vifaa, maana kuna jambo linaniuma na kila kusi ikikaribia naliona linajirudia.

Siku hizi anayeuza mlingoti used anaanza na neno moja tu, kaboni. "Huu asilimia mia kaka, kaboni tupu," na bei inapanda hapohapo, kijana anatoa akiba yote aliyoweka kwa kubeba mizigo ya wageni na kufundisha, akifika nyumbani kuuvika tanga lake haukai. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja kauziwa mlingoti wa sentimita 460, mnene, C100 yaani kaboni asilimia mia, mwepesi kweli na umepakwa rangi unang'aa, na tanga lake ni la mawimbi, mita za mraba 4.7, ambalo limeandikwa wazi kwenye kitambaa kwamba linataka mlingoti mwembamba wa 400. Aliyemuuzia alikuwa analijua tanga lile, kaliona kwa macho yake, na bado kachukua hela. Ni sawa na kununua kiatu kwa kuuliza ngozi bila kuuliza namba, na mimi hilo naliona ni dhuluma kwa sababu kijana yule hana hela ya kununua mara ya pili.

Sasa hiyo kaboni yenyewe ni nini. Mlingoti unasukwa kwa nyuzi za kaboni zikichanganywa na nyuzi za faibaglasi, halafu vyote vinashikwa na gundi ya epoksi. C30 maana yake nyuzi asilimia 30 ni kaboni zilizobaki ni glasi, C50 nusu kwa nusu, unaendelea hivyo mpaka C100. Kaboni ikizidi mlingoti unakuwa mwepesi, na pia unarudi haraka ukishapinda, yaani upepo ukipiga kwa nguvu juu panapinda na kuuachia, pigo likipita panarudi palepale mara moja na tanga linatulia mikononi. Mlingoti wa 430 wenye kaboni kidogo unapita kilo 2, ule wa C100 ni kilo moja na nusu hivi, na tofauti hiyo utaisikia mabegani unapolinyanyua tanga kutoka majini. Kwa hiyo sisemi kaboni ni uongo, faida yake ipo. Ila mlingoti wenye kaboni nyingi ukigongwa sehemu moja na kitu kigumu unapata ufa kirahisi, na ukiwa mpya bei yake mara nyingi inakaribia mara mbili ya ule wa kaboni ya chini.

Watu wengi wanaamini kaboni nyingi ndio mlingoti mgumu, na hapo ndipo wanapopotezwa. Ugumu una namba yake mbali, inaandikwa IMCS. Mlingoti unalazwa umeegemea ncha zote mbili, katikati unaning'inizwa uzito wa kilo 30, wanapima umeshuka sentimita ngapi, kisha urefu unagawanywa kwa huo mshuko. Wa 460 ukishuka sentimita 18.4 basi IMCS yake ni 25. Kwa kawaida wa 370 ni 17, wa 400 ni 19, wa 430 ni 21, wa 490 ni 29, na namba hizo ni zilezile uwe C30 au C100! Halafu kuna mpindo, kwamba unapinda zaidi juu au umepinda sawasawa, maana kampuni hazifanani, tanga la kampuni moja linataka ncha ngumu la nyingine linataka ncha laini. Ukichanganya vibaya utavuta kamba ya chini ya kukaza tanga mpaka vidole viume na mikunjo haitoki, au tanga juu linalegea hovyo linapiga kelele, na hakuna asilimia ya kaboni itakayokusaidia hapo. Soma tanga kwanza. Limeandikwa urefu wa upande wa mlingoti, limeandikwa mlingoti unaofaa, hesabu ni nyepesi tu, tanga likisema 436 na mlingoti wako ni 400 basi ekstensheni, kile kipande cha kurefushia kinachoingia chini ya mlingoti, uiweke 36.

Kuhusu unene ndio nataka nikae kidogo, maana huku kwetu ndio kwenye maana zaidi. Milingoti iko aina mbili, mnene unaoitwa SDM, tundu lake la chini ni kama milimita 48, na mwembamba, RDM, tundu lake ni kama milimita 32. Ekstensheni haziingiliani, ukibadilisha mlingoti jua unabadilisha na ekstensheni, na kile kichwa cha bumu (ile fimbo ya kushikia tanga) kinachobana mlingoti lazima ukiongezee kipande cha plastiki kama kilitengenezwa kwa mnene. Wauzaji hili hawalisemi na ni gharama. Mnene unafaa matanga makubwa, kuanzia 7 na kitu kwenda juu, ya mbio, yenye mfuko mpana wa kuingizia mlingoti. Tanga dogo la mawimbi mfuko wake ni mwembamba, mnene hata ukiingia kwa kulazimisha mbavu za tanga, vile vijiti vinavyolikaza, hazigeuki vizuri.

Lakini mwembamba una kitu ambacho huku ni dhahabu, kuta zake ni nene kuliko za SDM, kwa hiyo unastahimili kugongwa. Na sisi tunaendesha wapi? Ndani ya mwamba, maji yakipwa unatembea kwa miguu, chini ni mchanga na matumbawe, bamvua likitoka ndio kabisa. Mwanafunzi akianguka ncha ya mlingoti inagonga chini, kesho tena, na kesho kutwa mgeni mwingine analiangusha tanga lilelile. Pia mkono unaukamata vizuri, mtoto au dada mwenye kiganja kidogo anaushika wote akiwa majini, wakati ule mnene unamteleza. Kwa hiyo mimi ushauri wangu kwa kijana anayeanza huku, na kwa kituo kinachofundisha, ni RDM wa 400 au 430 kutegemea tanga, kaboni kati ya 50 na 75, basi. Hiyo C100 mwachie anayeshindana au anayeendesha kila siku na ana hela ya kununua mwingine ukivunjika. Najua wapo watakaobisha.

Ukienda kununua used usinunue uliounganishwa tayari. Mwambie auchomoe vipande viwili, angalia pale vinapoingiana kama pamekwanguliwa na mchanga, virudishe uone kama vinafungana bila nafasi. Chukua kanga kuukuu uipitishe taratibu mlingoti mzima, penye uzi uliochomoza itanasa, na usitumie kiganja maana mwiba wa kaboni ukikuingia utajuta. Gonga kwa sarafu kuanzia chini mpaka pale bumu linapobana, mlio ukiwa mkavu sawasawa ni salama, ukifika mahali ukasikia umefifia, kama unagonga kadibodi, hapo ndani tabaka zimeachana, rudisha na uage. Ufa wa kwenda na urefu mara nyingi unaanzia kwenye mdomo wa chini kabisa, kwa hiyo chungulia na ndani.

Na ukiwa nao, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ekstensheni ya alumini usiiache ndani, maana alumini na kaboni vikikutana na chumvi alumini inalika na ikishaganda humo hutoi. Usiache tanga limevutwa juani mchana kutwa, joto linalegeza gundi. Na ukipita chini ya nyaya za umeme kijijini laza mlingoti, kaboni inapitisha umeme, hili watoto wa ufukweni wengi hawajaambiwa.

Ombi langu kwa wenye vituo na mahoteli mnaouza vifaa vya zamani msimu ukiisha: chukueni kalamu ya wino mzito muandike juu ya kila mlingoti urefu, RDM au SDM, IMCS na kampuni, kwa sababu stika zimeshafutika na jua na nyinyi ndio mnaokumbuka. Ni kazi ya dakika chache kabla haujatoka stoo. Na mkijua kipande cha juu kilivunjika mkaweka cha kampuni nyingine, mwambieni mnunuzi kabla hajatoa hela.

Mwalimu wa windisafu,
Jambiani, Zanzibar