Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Arusha, 2025

Ndugu wanachama,

Sopa. Takwenya. Habari za asubuhi kwa nyote mliofika, hasa akina mama wa Longido mlioondoka nyumbani usiku ili muwahi kikao.

Mwaka wetu wa kazi ya VVU kwa wafugaji wa vijijini ulikatika mapema. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mradi uliokuwa ukitulipia gari na mafuta ya kwenda vijiji vya mbali ukasimama. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliokuwa wakipata posho kidogo waliambiwa haipo tena. Nilijiandaa kupokea barua za kujiuzulu. Badala yake mkanipigia simu kuuliza nani atamfuata fulani aliyekosa kliniki, na wengine wakati mnapiga mlikuwa mmeshapanda bodaboda kwa pesa ya mboga. Naomba katibu aliandike hili kwenye kumbukumbu kama nilivyolisema.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nina hesabu nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Katika kila 100 kati yao, karibu 83 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya wanaojua, karibu 98 katika kila 100 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa, 94 katika kila 100 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Maana yake mtu akishajua, anakunywa dawa, na akinywa, dawa inamfaa. Watu tunawapoteza mlangoni, kabla hawajapimwa. Katika miaka yangu ya uuguzi, niliowakosa zaidi mlangoni hapo walikuwa wanawake wa bomani, morani waliokwenda mjini kulinda nyumba za watu wakarudi, na vijana waliotoka machimboni Mirerani.

Nitasimulia jambo moja la mwaka huu bila kutaja kituo wala kijiji. Mama mjamzito aliletwa na shemeji yake kwa pikipiki kwenye kituo cha afya. Mama hajui Kiswahili, muuguzi hajui Kimaa, lugha ya Wamasai. Basi majibu ya kipimo yakatafsiriwa na shemeji. Kabla mama mwenyewe hajaelewa kwamba ana virusi, ukoo wa mumewe ulikuwa umeshaelewa. Alitoka pale na dawa zake, na tarehe ya kurudi ilipofika hakuonekana. Mwanachama wetu mmoja alimtafuta wiki kadhaa akampata kwa dada yake karibu na Namanga. Alikaa naye siku mbili, wakakamua ng'ombe pamoja, wakazungumza kwa lugha yao, ndipo akakubali kuanza upya kwenye kliniki nyingine. Mtoto amezaliwa. Kipimo chake cha wiki sita hakikuonyesha virusi, na tutaendelea naye mpaka atakapoacha kunyonya.

Nililia siku niliposikia mtoto yuko salama, lakini hasira haijanitoka. Yule mama alikuwa radhi kunywa dawa tangu siku ya kwanza. Tulichomnyima ni mtu mmoja tu wa kumwambia habari zake kwa siri, kwa maneno anayoyajua.

Sasa nirudi kwenye somo la mwezi wa Aprili, maana wengi hamkuwepo, na waliokuwepo bado wananiuliza. Kijana wetu anayesomea udaktari Moshi alitufundisha kuhusu virusi vinavyoitwa HTLV-1. Ni ndugu wa VVU. Vyote viwili ni retrovirusi, yaani vikiingia mwilini hujiandika ndani ya vinasaba vya seli zetu na kukaa humo maisha yote. HTLV-1 vilitambuliwa mwaka 1980 na kikundi cha Robert Gallo kule Marekani, miaka mitatu kabla ya wataalamu wa Paris kutambua VVU. Vyote huingia kwenye seli zilezile nyeupe za damu. VVU huziua. HTLV-1 huziacha hai na kuzifanya zizaliane, kila moja ikiwa imebeba virusi, na kwa sababu hiyo dawa zetu za kufubaza VVU hazikuwa jibu kwa virusi hivi. Chanjo hakuna. Wengi walio navyo huzeeka bila kuugua, ila wachache hupata saratani ya damu, au ugonjwa wa uti wa mgongo unaodhoofisha miguu kidogo kidogo mpaka mtu anashindwa kutembea. Njia za kuambukiza mnazijua: ngono, damu, na maziwa ya mama.

Duniani wanakadiriwa kuwa na virusi hivi watu kati ya milioni 5 na 10. Lakini katikati ya Australia, jangwani kuzunguka mji wa Alice Springs, ziko jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambako zaidi ya watu wazima 40 katika kila 100 waliopimwa walikutwa navyo. Madaktari wa huko wamewaona wenye virusi vingi wakisumbuliwa na mapafu, njia za hewa zikitanuka na kujaa makohozi yasiyokwisha, na kufa wakiwa bado watu wa makamo. Kwamba virusi vipo kwa watu hao ilijulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo ilifika Mei 2018 ndipo Gallo na wenzake wakaliandikia Shirika la Afya Duniani barua ya wazi wakitaka virusi hivi vishughulikiwe. Na Australia ni nchi tajiri. Damu ya wachangiaji wamekuwa wakiipima HTLV tangu miaka ya 1990, kwa sababu damu hiyo inaweza kumfikia mtu yeyote, hata wa Sydney. Bibi wa jangwani aliyekuwa akikohoa kwa miaka hakuwa na wa kumpima.

Nilipolisikia hilo niliwafikiria Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao idadi yao ni zaidi kidogo ya elfu moja. Watu wachache namna hiyo wakiingiliwa na ugonjwa, kwenye takwimu za taifa hawataonekana hata kama kijiji kizima kimepata. Kwa hiyo kamati imeamua kwamba mwaka ujao tutakwenda Mang'ola, karibu na Ziwa hilo, tukiwa na mkalimani wa Kihadza tuliyempata sisi wenyewe, wala si dereva wa watalii.

Swali lililozua kelele mwezi ule lilihusu kunyonyesha. Kijana wetu alieleza kwamba Nagasaki, Japani, tangu mwaka 1987 wajawazito hupimwa HTLV-1, na wenye virusi hushauriwa wasinyonyeshe. Maambukizi kwa watoto yalishuka kutoka karibu 20 katika kila 100 hadi chini ya 3. Baada ya siku chache nikasikia kwamba huko vijijini kuna wanachama wetu wanawaambia akina mama wenye VVU waache kunyonyesha "kama Wajapani". Ndugu zangu, hapo tulikosea, na kosa ni langu, kwa kuwa niliruhusu somo lile liishe bila kuwatenganishia mambo haya mawili.

Mama mwenye VVU hapa kwetu anakunywa dawa kila siku na anamnyonyesha mtoto wake. Miezi sita ya kwanza ni maziwa yake tu, halafu anaendelea kunyonyesha huku akimpa chakula kingine. Mtoto naye anapewa dawa ya kinga. Dawa za mama zikifubaza virusi, hatari kwa mtoto inakuwa ndogo sana. Maziwa ya kopo yanataka maji safi, kuni, na pesa ya kila mwezi, na mtoto anayekorogewa kopo kwa maji ya lambo anaweza kuuawa na kuhara kabla virusi havijamgusa. Mnachotakiwa kukemea ni kumlambisha kichanga samli na maziwa ya ng'ombe katika wiki zake za kwanza. Najua ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu, hata mimi nililambishwa. Lakini tumbo changa likichanganyiwa vyakula huumia, na kwa mtoto wa mama mwenye VVU mchubuko huo ni mlango. Zungumzeni na bibi kwanza. Mama wa miaka 18 hawezi kumkatalia mama mkwe peke yake.

Kuna neno jingine nimelisikia mwaka huu hata kwa watu wenye elimu yao: kwamba VVU vinawapata wafugaji kwa kuwa "ndivyo walivyo". Kanada watu wa asili ni karibu 5 tu katika kila 100, lakini sehemu yao katika maambukizi mapya ya VVU ni kubwa kupita idadi yao, na jimbo la Saskatchewan liliongoza nchi nzima kwa kiwango cha maambukizi kwa miaka mingi. Huko hawachungi ng'ombe wala hawana morani. Wana sindano za kujidunga dawa za kulevya, umaskini, na vizazi vya watoto waliochukuliwa kwa wazazi wao wakapelekwa shule za bweni. Virusi havisomi kabila. Atakayetumia maneno hayo akiwa amevaa fulana ya chama hiki, nitamwomba aivue.

Kuhusu wembe wa ngariba nitasema kwa kifupi. Kukeketa mtoto wa kike ni kosa la jinai tangu 1998, na tunajua sasa kunafanyika kwa kificho, pengine wembe mmoja kwa watoto kadhaa. Wazee mliopo hapa, mna sauti ambayo mimi sina. Naiomba.

Yaliyokwenda vizuri yapo. Waliotulia kwenye dawa wanaweza kupewa za hadi miezi sita, na kwa mfugaji anayehama na ng'ombe kiangazi hilo limekuwa na faida kuliko semina zote tulizowahi kufanya. Kupima siku ya mnada kumewafikia wanaume ambao zahanati haijawahi kuwaona. Vipimo vya kujipima vinapokelewa vizuri na vijana, ila lazima mwenye kukitoa aeleze kwa Kimaa maana ya mstari mmoja na mistari miwili, na amwonyeshe mtu aende wapi akiona miwili.

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe ada ipande kidogo, kiasi atakachokitaja mhazini, na nyongeza yote iende kwenye nauli za wakalimani wa kike. Tunataka kila kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu ya VVU, tunayofanya nayo kazi iwe na mwanamke mmoja anayejua Kimaa, aliyekula kiapo cha kutunza siri, na asiyetoka ukoo wa wagonjwa wa pale. Majina yaliyopendekezwa anayo katibu. Mwenye pingamizi na jina lolote aje aniambie pembeni, wakati wa chai.

Safari ya Mang'ola inahitaji watu sita. Karatasi ya kujiandikisha iko mezani karibu na mlango.