Acha kumpima mfungaji kwa asilimia tupu

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Umeniandikia kwamba yule mrushaji wa mbali alituharibia mechi ya mpira wa kikapu kwa kuingiza mitupo 6 kati ya 16, na kwamba jitu lako la chini ya kikapu, lililoingiza 8 kati ya 16, ndilo bora. Hapo sikubali hata kidogo.

Ni kweli, asilimia 50 ni kubwa kuliko 37.5. Lakini hesabu pointi. Wako, 8 mara 2, kaleta 16. Wangu alifunga zote 6 kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, kaleta 18. Mitupo ni ile ile! Tangu NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilipoanza kutumia mstari huo msimu wa 1979–80, asilimia ya kawaida imekuwa ikimpunja mrushaji, kwani asilimia hiyo huhesabu kila kikapu sawa. Ndiyo maana kuna eFG, asilimia inayotambua uzito wa pointi tatu: vikapu, ongeza nusu ya vile vya pointi tatu, kisha gawa kwa mitupo yote. Wangu anapata 9 kwa 16, yaani asilimia 56.25. Wako anabaki na 50 zake.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni TS (true shooting, yaani ufungaji halisi), kwa kuwa kinaingiza na mitupo huru, ile ya pointi moja moja inayotolewa baada ya faulo. Zidisha mitupo huru kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha kwa 2, halafu gawa pointi zote kwa jibu hilo. Kwa nini 0.44 na si nusu, wakati faulo ya kawaida huleta mitupo miwili kwa shambulizi moja? Kwa sababu kuna anayefunga huku amechezewa faulo akaongezewa mmoja, na shambulizi hilo limeshahesabiwa. Kuna anayeangushwa akirusha pointi tatu, akapewa mitatu. Kuna na faulo za kiufundi, ambazo huleta mtupo bila kumaliza shambulizi. Ukichanganya zote, wastani unashuka chini ya nusu. Napenda sana namba hiyo, maana mchezo wenyewe umo ndani yake.

Mwangalie Stephen Curry, mrushaji wa mbali wa Golden State Warriors, msimu wa 2015–16: vikapu 805 kwa mitupo 1,598, vya pointi tatu 402, mitupo huru 363 kwa 400. Kwa asilimia ya kawaida ni 50.4. Kwa TS ni 66.9. Msimu huo huo DeAndre Jordan, jitu la chini ya kikapu la Los Angeles Clippers, aliingiza asilimia 70.3 ya mitupo yake, lakini ya mitupo huru ikawa asilimia 43 tu, na kwa TS Curry akampita.

TS nayo haijui mtupo uliorushwa kwa shida, sekunde 24 za kushambulia zikiwa zinaisha na mkono wa beki usoni. Hilo bado linahitaji macho, na macho yako nayaheshimu.

Sasa niambie, wako alipata mitupo huru mingapi? Ikiwa aliingiza 5 kati ya 6, TS yake inafika 56.3, naye wangu, ambaye hakupata hata mmoja, ana 56.25. Hapo nitakubali wamelingana. Nitumie karatasi ya takwimu.

Wako daima