Risala ya kikundi cha wakulima na utalii wa kahawa, Materuni, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu na mama zetu, shikamooni, na karibuni sana Materuni.

Sisi ni wakulima wenye vihamba, yaani mashamba yetu ya Kichagga ya kuzunguka nyumba, hapa Uru, Moshi, kama ulivyoona ukipanda huku wageni wanapita kila siku kwenda kwenye maporomoko, yale ya karibu mita 80, wakirudi wanataka waione kahawa inavyomenywa, inavyotwangwa kwenye kinu na kupepetwa, ikaangwe kwenye chungu juu ya kuni halafu wainywe hapo hapo. Hiyo ndo biashara yetu mheshimiwa.

Sasa kuna mama mwenzetu aliombwa na wakala mmoja wa utalii atume picha za shamba lake, akakuta hana hata moja! Miaka yote wageni wanampiga picha akitwanga, wanaondoka nazo, simu yake yeye imejaa picha za harusi na ubatizo tu. Wakala akaweka picha ya shamba jingine kabisa, mibuni imepangwa mistari juani, hakuna mgomba hata mmoja, basi wageni wakifika wanauliza mbona hapa ni kivuli na ndizi na mbuzi bandani. Ilituuma kweli, maana kihamba chenyewe ndo hicho, kahawa chini ya migomba, tumekikuta kwa babu zetu.

Ndo tukaanza kujifunza, kijana wetu mmoja anajua kamera akatufundisha kwa simu hizi hizi tulizonazo. Kwanza futa lensi, simu ya jikoni ina moshi na mafuta. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kipige picha asubuhi saa 12 na nusu mpaka saa 2 hivi, mawingu yakishashuka hukioni tena. Mchana chini ya migomba jua linadondoka vipande vipande usoni kwa mtu, kwa hiyo msogeze mlangoni au mwekee shuka nyeupe pembeni irudishe mwanga. Na rangi usiongeze, buni ikiiva ni nyekundu yenyewe inatosha, ukizidisha mgeni akija ataona umemdanganya. Watoto hatuwapigi picha bila mzazi kukubali, hilo tumekubaliana wote.

Mheshimiwa, shida yetu ni vifaa. Simu yenye kamera nzuri ni moja tu kikundi kizima, inazunguka nyumba kwa nyumba, memori imejaa na bando linaisha kabla picha hazijapanda. Tunaomba utusaidie kamera moja ya kikundi, hata ya mtumba, na utusemee kwa mawakala watumie picha zetu wenyewe na waandike ni kihamba cha nani.

Picha tulizopiga tumezibandika pale ukutani kwenye ghala, tunaomba ukitoka hapa upite uzione, yule mama atakuonyesha ya kwake mwenyewe, na kahawa iko jikoni.

Tunaomba kuwasilisha.